Nimeshaonja Jikoni

Ipo siku moja, mwanangu Neema, ambayo mama mkwe wangu alikataa chakula changu mbele ya mume wangu na watoto. Alikaa mkekani, akanawa kama watu wote, kisha akaikunja mikono yake mapajani akasema, "Mimi sili." Ugali umeshaiva, mboga inafuka moshi, na mgeni wangu, tena mkwe, anasema hali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hii sijakusimulia, maana baba yako hapendi ikumbukwe na mimi mwenyewe ilikuwa inaniuma. Leo nakusimulia, na sababu utaiona. Wenzio wenye nyumba changa nao wakitaka kusikiliza, wasogee.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa tunaishi. Tulipanga vyumba viwili Mji Mpya, bomba na choo tukichangia na wapangaji wengine. Baba yako alikuwa anachomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya mtu. Kazi ikiwepo analipwa. Isipokuwepo anarudi na ahadi za kesho. Kila asubuhi kabla hajatoka aliacha hela ya kula juu ya redio. Kiasi kilikuwa kile kile, tangu tulipooana tukiwa wawili mpaka tulipofika watano, wewe ukiwa wa kunyonya na kaka zako Tomasi na Beda wakiwa kwenye umri ule wa kula bila kuuliza. Sokoni bei zilipanda zilivyotaka, lakini hela ya juu ya redio haikupanda.

Sasa usidhani nilikuwa mtu wa kulialia. Nilikuwa hodari, na nataka ulijue hilo, usinicheke. Asubuhi malori ya kutoka Mgeta, kule milimani, yakishusha kabichi, vijana wa mizigo walibandua majani ya nje yaliyochubuka njiani wakayatupa chini. Mimi nilikuwepo na kikapu. Jioni wale akina mama wenye mafungu ya nyanya wakianza kukunja maturubai yao, nilikuwepo tena, naulizia zilizolainika. Nyanya iliyolainika inatoa rojo zuri kuliko ile ngumu, asikudanganye mtu. Maharage niliyaloweka tangu usiku ili yasimalize mkaa. Mafuta ya kupima niliachana nayo, mboga nikawa naiunga kwa karanga za kutwanga, iwe matembele, iwe mchicha, iwe majani ya maboga. Unga ulikuwa dona, wa mahindi yasiyokobolewa, kwa sababu dona linakaa tumboni. Nyama tuliiona Krismasi na Pasaka, na hata hapo ilikuwa na mifupa mingi.

Majirani walinisifu. Baba yako naye akikaa na wenzake alikuwa akisema, "Mke wangu mimi anajua kubana. Hela ndogo tu, tunakula." Nikimsikia hivyo kichwa kinavimba. Ningemwambiaje kwamba haitoshi? Ningekuwa nimeiua sifa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini ilikuwa haitoshi. Jioni moja ugali ulitoka mdogo. Nikampakulia baba yako, nikawapakulia kaka zako, nikatazama ndani ya sufuria, hamna kitu. Baba yako akauliza, "Wewe huli?" Nikasema, "Nimeshaonja jikoni." Akaendelea kula. Lile neno lilitoka bila kukwama hata kidogo, na kesho yake likatoka tena. Baadaye hakuuliza, na mimi nikawa napika nikijua kabisa fungu langu halimo. Wakishamaliza nakwangua ukoko, nauteremsha kwa chai ya rangi, nalala. Niliona nimegundua njia ya kubana kuliko zote, maana mlaji mmoja alikuwa amepungua na hakuna aliyelalamika.

Aliyelalamika ulikuwa wewe, ila hukuwa na maneno. Unanyonya, unaachia, unalia, unashika tena. Kliniki nesi alikupima akasema uzito umesimama. Akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikamwambia ninakula. Njiani nikajiambia ni meno yanataka kutoka. Niliogopa, Neema, na mimi nikiogopa huwa naokota sababu yoyote iliyo karibu.

Ndipo bibi yako Koleta, mama yake baba yako, akateremka kutoka Mgeta. Alikuja na lori la mboga, akakalishwa mbele na dereva, kwa sababu hakukuwa na dereva aliyethubutu kumpandisha nyuma. Alileta njegere, karoti na kikapu kidogo cha matunda damu, yale mekundu ya milimani. Kaka zako wakampokea kwa "Shikamoo bibi!" huku macho yakiwa kwenye kikapu. Hakuwa mkali wala msemaji sana, na ndiyo maana nilimwogopa. Alikupokea mikononi mwangu, akakunyanyua juu, akakushusha, kama anavyopima kabichi kabla hajaipakia. Akakurudisha.

Alikaa nasi siku kadhaa. Kila nikianza kupika anavuta kigoda, anakaa karibu na jiko, anamenya njegere. Nilidhani anataka mazungumzo, nikawa najitahidi kumpigia hadithi za mtaa. Anaitikia "mh", anamenya. Jioni akiniuliza mbona sili, namjibu nimeshaonja jikoni. Kumbe alikuwa ananitazama.

Turudi basi mkekani. Jua lilikuwa halijazama, tumekaa nje penye upepo. Nimepika dona na kabichi iliyochanganywa na njegere zake, nimeunga kwa karanga. Sahani moja yake na mwanawe, nyingine ya kaka zako. Aliposema hali, baba yako akarudisha tonge.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Chakula hukukipenda?"

"Chakula kizuri. Nimeshaonja jikoni."

Baba yako akacheka kidogo. "Mama nawe! Kuonja ndiyo kula?"

"Sijui, baba. Nimekuta ndivyo mnavyokula hapa," bibi yako akasema. "Mkeo kila siku anasema ameonja jikoni, na wewe unaridhika. Leo nimekaa naye tangu anawasha mkaa mpaka anapakua. Alichoonja yeye nimeonja na mimi. Basi kama yeye ameshiba, na mimi nimeshiba."

Wala hakupandisha sauti. Tomasi na Beda waliacha kutafuna. Baba yako akageuka akanitazama pale mlangoni, nami nikatazama jagi.

"Mama Tomasi," bibi yako akaniita, "hebu lete sufuria hapa mkekani."

Nikamwambia nimeshailoweka ukoko ulegee. Akasema, "Ilete na maji yake." Nikaileta. Baba yako akainama akachungulia: maji, na vipande vya ukoko vinaelea. Alikaa ameinama vile mpaka nikaona vibaya kwa ajili yake.

"Kwa nini hukuniambia?" akaniuliza.

"Ungefanya nini?" Machozi yalikuwa yameshatangulia.

"Ningejua," akasema.

Hapo nilitegemea bibi yako amgeukie mwanawe amseme, na mimi niambulie japo pole. Akanigeukia mimi. "Nipe huyo mtoto," akasema. Nikakutoa mgongoni. Akakulaza mapajani pake, akaushika mkono wako na kuuinua tuuone wote, kamkono kembamba, ngozi imelegea.

"Mwanangu, wewe unafikiri umejinyima wewe," akaniambia. "Uliyemnyima ni huyu. Wewe una mdomo, umeutumia kusema umeonja. Huyu angesema kwa mdomo wa nani?"

Nilichukia, sitakuficha. Nilichukia kabisa. Mimi ndiye niliyelala na njaa, wajukuu zake wamekula, halafu ndiye ninayesemwa! Nilitaka kumjibu, nikakutazama pale mapajani pake. Nilikuwa nimekuona kila siku, nakuogesha, nakupaka mafuta, lakini sikuwa nimekutazama. Ile sifa ya kujua kubana ilikuwa imenilevya, na mlevi huwa haoni kilicho mbele yake.

Bibi yako akaagiza sinia. Akautoa ugali wa sahani zote mbili, akauweka pamoja, akaukata kwa mwiko mafungu yanayolingana na watu waliokaa, la kwangu likiwemo. Mboga nayo vivyo hivyo, akiongeza kidogo upande wangu. Beda akalitazama fungu lake. "Bibi, mbona ugali wangu mdogo?"

Baba yako ndiye aliyemjibu. "Huo ndio ukubwa wake, Beda. Siku zote ulikuwa unakula na wa mama yako." Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Kisha akaongeza, "Na mimi pia."

Bibi yako akanawa upya, akala. Nami nikala fungu langu lote huku nalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Asubuhi yake baba yako hakuacha hela juu ya redio. Alinisubiri nijifunge khanga, tukaenda wote sokoni kabla hajaenda kazini. Akauliza mwenyewe bei ya unga, bei ya mafuta, bei ya kopo la mkaa. Kuna muuzaji baba yako alimwuliza mara mbili, akidhani amemtajia bei kimakosa. Sitakudanganya kwamba baada ya hapo neema ilitumwagikia. Aliacha sigara. Alimwomba tajiri wake awe anamlipa kila Jumamosi badala ya vipande vipande. Mavuno yalipofika tukanunua gunia la mahindi badala ya kufukuzana na unga wa kilo, na bibi yako akawa anatutumia viazi na njegere kwa malori. Siku mbaya ziliendelea kuwepo. Ila siku mbaya sote tulipunguza chakula, na baba yako ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Leo tunywe uji, mama Tomasi." Maziwa yangu yalirudi. Siku nesi aliposema uzito umepanda, nililia pale pale kliniki, watu wakadhani nimepata msiba.

Sasa sikiliza kwa nini nimekumbuka haya. Jumapili nilikuja kwako Kihonda. Nimeona karanga umezitwanga, nyanya umechagua zilizolainika, maharage yamelowekwa, nikajisemea moyoni, huyu kweli ni wangu. Ukampakulia mumeo, ukatupakulia mimi na wajukuu, ukaenda kukaa pembeni na simu yako. Mumeo akakuuliza huli? Ukajibu bila kuinua macho, "Nyie kuleni tu, mimi nimeshaonja jikoni."

Neno hilo mimi sikuwahi kukufundisha, na tangu ile jioni halijatoka tena mdomoni mwangu. Labda ulilinyonya. Na hilo tumbo unalolifunika kwa khanga nimeliona pia; nimezaa, usidhani nimesahau lilivyo. Nilipaswa kunawa mikono na kusema sili, kama alivyofanya marehemu bibi yako. Nikamwonea haya mkwe wangu, nikala, nikamaliza. Nimerudi nyumbani sijapata usingizi mzuri mpaka leo.

Basi mwanangu, bana upendavyo. Bana mkaa, bana mafuta, okota majani ya kabichi bila kumwonea mtu haya, hakuna aibu katika kulisha watu wako kwa kidogo. Lakini usimbane mama wa nyumba ukadhani umeokoa kitu, hasa mama aliye na mtu ndani yake. Acha kupakulia jikoni. Sufuria ikae mkekani, kila mmoja aone chini yake. Fungu lako likatwe pamoja na ya wenzako, usingoje yatakayobaki, kwa sababu unajua vizuri kuliko mimi kwamba hakuna yanayobaki. Mumeo mpeleke sokoni akaulize bei kwa mdomo wake. Si mtu mbaya, nimemwona. Hajui tu, na asiyejua hawezi kukusaidia hata akikupenda vipi. Watoto nao waujue ukubwa wa kweli wa ugali wao, watanuna siku mbili watazoea. Na watu wakikusifu kwamba unajua kubana, jiulize kwanza anayebanwa ni nani.

Jumamosi nakuja tena. Sitaki unipikie kitu cha mgeni. Niwekee kigoda karibu na jiko, nimenye chochote ulichonacho, na jioni tukikaa mkekani nitakula kiasi kile kile utakachokula wewe, si zaidi. Ukisema umeonja, na mimi nitakuwa nimeonja, na mumeo atapata mke na mkwe wenye njaa wa kuwaeleza.

Mungu akulinde, Neema, wewe na huyo anayekuja. Akupe mkono mwepesi wa kugawa na moyo wa kujihesabu. Jiko lako lisipoe, na kila atakayekaa mkekani kwako anyanyuke ameshiba, wewe ukiwemo.