Ngozi Mpya ya Gari la Baba Mkwe

Mtaani, wengi hawakulijua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Hewala, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Mteja akisema anataka kochi lake jioni, hewala. Akibadili mawazo akalitaka asubuhi, hewala. Alikuwa fundi wa viti na ngozi za magari, mtu wa makamo, mwenye mabega mapana na vidole vyenye harufu ya gundi isiyokubali sabuni yoyote. Maneno aliyatoa kwa kijiko, kama dawa ya watoto.

Mke wake alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa na kiduka cha nyuzi na vifungo mtaa wa pili, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yeye hajatokea kwenye kona. Mpaka leo ndugu zake humtania kwamba alijiposa mwenyewe, kwa sababu siku Hewala alipopelekwa mbele ya baba mkwe, yeye alikodolea macho kiatu chake na binti ndiye aliyeongea yote. Baba mtu, wakati huo bado dereva wa mkurugenzi wa kampuni, alimtazama yule kijana juu mpaka chini, kisha akamuuliza binti yake:

"Huyu fundi wako ana ulimi, au nao ameushonea ndani?"

Watu walicheka, Hewala naye akacheka. Lakini swali lile lilibaki limemganda kifuani. Watoto walizaliwa, wakakua, na katika miaka yote hiyo mzee hakuwahi kumpa mkwewe hata mto wa kiti autie uzi. Makochi yake yakichanika, aliyapeleka kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara. Ndiyo maana asubuhi ile mzee alipoingia na gari lake mwenyewe mpaka ndani ya karakana, akazima injini na kusema, "Mkwe, nataka paa," Hewala aliweka chini kazi aliyokuwa nayo. Alijua hapa ni mtihani. Akiharibu, hatapewa mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, refu, lenye pua ndefu na taa za duara. Mzee alizawadiwa siku aliyostaafu. Mwili wa gari ulikuwa na rangi ya maziwa, na paa lilivikwa ngozi ya plastiki ya damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia weusi. Enzi zake lilikuwa gari la kugeuziwa shingo. Sasa ngozi ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mtu anayetembea peku, pembeni mwa kioo cha nyuma imevimba malengelenge ya kutu, na zile fito za kung'aa zilizozunguka paa zimepinda na kufubaa.

"Rangi ni ileile," mzee alisema. "Nyingine sitaki hata kuisikia."

"Hewala, baba."

Hewala alizunguka maduka yote ya ngozi hadi akapata kipande cha mwisho cha damu ya mzee, kimelala nyuma ya rafu kikiwa na vumbi. Kilitosha paa moja tu, bila nafasi ya kukosea. Mzee alipoambiwa, akaja karakana na chupa yake ya chai, akageuza ndoo ya rangi akaikalia, na tangu hapo hakukosa siku. Kazi ilifanyika mbele ya macho yake na chini ya ulimi wake.

Fito zilitolewa kwanza, moja baada ya nyingine, kwa bisibisi nyembamba iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Vibanio vilivyozishika vilikuwa vimezeeka, vikiguswa tu vinakatika. Kisha ngozi kuukuu ikabanduliwa, ikitoa unga wa gundi kavu. Ilitoka nzima. Mzee alisimama, akaitandika sakafuni juu ya ile mpya na kuilainisha kwa viganja kama anayetandika kitanda cha mgeni.

"Hiki ndicho kipimo chako," akasema, huku akichukua chaki mwenyewe. "Unafuata mulemule. Na usiache ziada. Ziada ndiyo inayoleta mikunjo."

Hewala alikuwa amepiga goti, mkasi mkononi. Kila fundi wa ngozi anajua kwamba ngozi iliyokaa juani miaka mingi husinyaa, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Kipimo huchukuliwa kwenye bati, siyo kwenye ngozi ya zamani, na unaacha upana wa kiganja kila upande, utakata baadaye kwa wembe. Hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Akafungua mdomo. Mzee alikuwa ameinama, mgongo unamuuma, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, anachora mstari wake kwa makini na furaha. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kuwa karibu hivyo bila mke wake katikati.

"Hewala, baba," akasema.

Alichoweza kufanya ni kukata nje kidogo ya chaki, kwa wizi. Kisha akashona vipande vitatu vya paa kwa cherehani, mishono miwili mirefu iliyonyooka, na mzee akaisifu kwa kukohoa.

Siku ya kubandika, mzee alichelewa. Hewala alilisukuma gari mpaka uani penye jua, akaitandaza ngozi juu ya bati bila gundi, aone inavyokaa. Ilikuwa fupi. Kwenye kona za kioo cha nyuma ilipungua upana wa vidole viwili, na juu ya milango haikugusa hata ukingo.

Fundi wa rangi, jirani yake wa banda la pili, mtu asiyejua kunyamaza hata anapokula, akaja akipangusa mikono.

"Ngozi inavutika hiyo, usinitishe. Shika kule."

Wakaivuta, huku na huku, jua likiilainisha, wakaibana kwa vibanio vya nguo. Ikafika. Kwa shida, lakini ikafika.

"Umeona? Paka gundi, funga fito juu, mzee aondoke na gari lake akiimba."

"Msimu wa baridi itarudi ilipotoka," Hewala alisema. "Itachomoka chini ya fito. Maji yataingia, kutu itakula paa kutoka ndani."

"Wakati huo utailaumu gundi. Gundi haina wakili."

Hewala hakucheka. Alifungua kopo la gundi, akachovya brashi, akasimama nayo. Ndipo mke wake akatokea na chakula cha mchana kwenye bakuli lililofunikwa. Hakuhitaji kuelezwa. Aliviona vibanio vya nguo, akauona uso wa mumewe.

"Imekuwa fupi?"

"Fupi."

"Nani alipima?"

Hewala akatazama brashi.

"Usiniambie," mke akasema. "Alichora yeye. Na wewe ukamwambia hewala."

"Ni baba yako."

"Ndiyo, ni baba yangu, na ninamjua. Yule akipotea njia husema barabara imehama." Akaweka bakuli juu ya benchi. "Haya, baba watoto, kula. Mimi nitamngojea pale getini, nimweleze taratibu. Nimezoea."

Alikuwa amezoea kweli. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba kodi ya karakana icheleweshwe, yeye ndiye aliyegombana na wateja wasumbufu, yeye ndiye aliyesema hata siku ile ya posa. Hewala alimtazama akijifunga upya kitambaa kichwani, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo, na akaona aibu ya aina ambayo hakuwahi kuionja.

"Hapana," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Mke akageuka. "Wewe?"

"Mimi."

Akapangusa brashi, akafunika kopo la gundi, akakigonga kifuniko kwa nyundo mpaka kikakaza. Kisha akaanza kuvitoa vibanio vya nguo, na kila kilichotoka ngozi ilirudi nyuma kidogo, kama inayovuta pumzi. Mzee alipoingia na chupa yake ya chai, paa lilikuwa wazi nusu na ngozi imelala katikati, fupi, kila mwenye macho aone.

"Mbona halijabandikwa? Jua lote hili mnaliachia nani?"

"Baba," Hewala alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, ikabidi aanze upya. "Baba, ngozi ni fupi."

Mzee aliweka chupa chini. Alilizunguka gari lote. "Umekata vibaya."

"Nimekata ulivyochora."

Fundi wa rangi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi bandani kwake.

"Ile ya zamani ilikuwa imesinyaa," Hewala aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hapo hataweza tena. "Ilitakiwa nipime bati. Niliweza kuivuta ikafika. Ningebandika, ungeondoka nayo leo, na mvua ikija ingekuozea paa."

"Ulijua tangu lini kwamba imesinyaa?"

"Kabla ya mkasi."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, baba."

"Heshima!" Mzee alipandisha sauti mpaka mwangwi ukarudi kutoka kwenye mabati. "Heshima gani hiyo, ya kuniacha niharibu kitu changu kwa mkono wangu mwenyewe, wewe umepiga goti unanitazama? Mimi nimekaa na mkurugenzi nyuma yangu miaka mingapi? Akisema kata kulia, na kulia kuna daraja limevunjika, nimwambie ndiyo bosi? Ningekuwa hai?"

Mzee aliokota chupa yake, akatoka, wala hakumuaga binti yake.

"Atarudi," mke alisema.

"Atarudi na gari la kuvuta," alisema Hewala.

Lakini hakulifunika gari. Alichukua msasa akaanza kuisugua ile kutu ya kona za nyuma, mpaka bati likang'aa, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Alijiambia kwamba hata likivutwa kwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, litakwenda likiwa safi.

Kesho yake asubuhi mzee alikuja kwa miguu. Hakukaa kwenye ndoo. Alipitisha kiganja pale palipokuwa na malengelenge, akakuta pamelainika.

"Damu ya mzee imekwisha kabisa madukani?"

"Imekwisha, baba. Nimeuliza kote."

"Kuna nini?"

"Kuna nyeusi. Na kahawia."

"Kahawia siyo rangi, ni matope." Akalitazama gari lake kama mtu anayemtazama mwanawe aliyenyolewa vibaya. "Na nyeusi watasema natoka mazikoni kila siku. Haya. Iwe nyeusi." Kisha akasema, bila kumtazama mkwewe, "Chaki mimi sishiki tena. Pima wewe."

Hewala akapima. Alipima bati, toka kioo cha mbele hadi cha nyuma, toka ukingo hadi ukingo, akaacha kiganja kizima kila upande. Mzee aliiona ziada ile ikiachwa, midomo ikamcheza, lakini akayameza maneno yake. Ile nyekundu iliyoharibika mke aliibeba kwapani. Alisema ina vikapu vinne ndani yake na hataki mjadala.

Siku ya kubandika jua lilikuwa kali. Gundi ilipakwa kwenye bati na kwenye ngozi, wakangoja ikauke hadi isinate kwenye mgongo wa kidole. Mzee alisimama upande wa pili wa gari, mikono inamwasha.

"Sasa imekauka. Laza yote kwa pamoja."

"Hapana, baba," Hewala alisema. "Katikati kwanza. Halafu tunaenda pembeni."

Kule bandani, fundi wa rangi alikatisha maneno yake njiani. Mzee alifungua mdomo, akaufunga.

"Katikati," akasema.

"Shika mshono huo. Unyooke na wa kwangu. Usivute."

"Sivuti."

"Unavuta, baba."

"Haya, nimeachia!" Mzee aliachia kidogo, akanong'ona kwa sauti ambayo uani pote ilisikika: "Kumbe ulimi anao, na una meno."

Hewala hakuinua macho. Alikuwa anakandamiza ngozi kwa kitambaa, kutoka katikati kuelekea nje, akiitoa hewa, na upande wa pili mikono ya mzee ilimfuata, hatua kwa hatua, ikingoja kuambiwa.