Hadithi za Mama yake Mwalimu Nzilani

Siku ile ya Emali haijanitoka, mwanangu, ingawa wengi niliokuwa nao wameshatoka duniani. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa fundi wa kompyuta pale mjini Emali, tena fundi wa kujisifu, na Mwalimu Nzilani aliniletea yake kutoka Mukuyuni akilalamika kwamba inakawia.

Humo mlikuwa na hadithi za mama yake, aliyekuwa kipofu. Mama alizisimulia kwa Kikamba, mwalimu akazipiga chapa papo hapo, mwaka mzima. Mama walikuwa wamemzika mwezi uliotangulia.

Sasa sikiliza. Kipande cha memori, kile kinachoshika kazi ya kompyuta inapofanyika, kina chipu pembeni, ndogo kuliko punje ya ndengu. Kiwandani huandikwa humo ukubwa wa kipande na mwendo wake. Ukiwasha kompyuta, ubao mkuu huiuliza kwanza chipu hiyo, nayo hujibu: mimi ni hivi, mwendo wangu ni huu. Ubao husadiki, ukajipanga kwa jibu hilo. Lakini fundi anaweza kulikataa jibu na kuandika lake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilijiona najua. Niliandika mwendo mkubwa zaidi. Mashine ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, mwalimu akanishukuru, akaenda.

Baada ya wiki tatu alirudi. Alikuwa amezifungua hadithi zote azisahihishe, na kila aliyoihifadhi iliharibika, kwa kuwa memori niliyoikimbiza kupita uwezo wake ilikuwa ikikosea; maneno yakageuka alama zisizosomeka. Nilihangaika siku nne. Sikuokoa hata ukurasa.

"Kile kipande kilikuambia mwendo wake?" aliniuliza.

"Kiliniambia, Mwalimu."

"Na wewe?"

"Nilisema kinaweza zaidi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye benchi langu, akajaribu kukumbuka mwanzo wa hadithi moja, akashindwa.

"Sauti yake naisikia," alisema. "Maneno siyapati."

Aliishi miaka mingi baadaye, na kila tulipokutana sokoni alinisalimu vizuri. Mimi ndiye niliyeinamisha macho. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, hata aliyemwagiwa akikusamehe.

Basi kinachokuambia uwezo wake kisadiki, kiwe chuma au mtu. Usimbebeshe mwenzako mwendo ambao hakuusema. Na kitu kilicho kimoja tu duniani, usikiguse kabla hujakinakili. Sina faraja ya kukuongezea. Mungu akupe mkono mpole, akuepushe na msamaha kama niliopewa mimi, ambao mpaka leo haujaniponya.