Viriba Vilivyooshwa

Bartholomeo alitokea Gairo, kwenye mahindi na karanga, na watu wa kule milimani Kinole hawakuacha kumkumbusha. Hata baada ya kukaa kwao miaka mingi kuliko aliyokaa kwa mama yake, akipita njiani na jembe begani ungesikia mtu akisema, "Yule Mkaguru wa Eufrazia." Hawakusema kwa ubaya, ndivyo tu alivyojulikana. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kuitikia kuliko kuuliza, na hilo la kutouliza ndilo lililokuja kumponza.

Nyumba ilikuwa ya Eufrazia na shamba lilikuwa la ukoo wa Eufrazia. Huko Uluguru ardhi inashuka kwa upande wa mama. Mwanamume aliyeoa analima na kula, lakini mwenye ardhi ni ukoo wa mke. Akijaliwa watoto, watoto ni wa ukoo huo, naye anazeeka kwa watoto wake bila mtu kumsumbua. Bartholomeo na mkewe walizika watoto wawili wachanga, kisha hawakupata tena. Kwa hiyo kilichomshika mlimani kilikuwa mke wake peke yake. Kingine ambacho kingeweza kumshika ni miti, kwa sababu miti ya kudumu ni ya mkono ulioipanda, hata kama ardhi si yake, na miti ikiwa imesimama, aliyeipanda haondolewi.

Eufrazia ndiye aliyelifikiria hilo. Walikuwa wanapalilia mihogo.

"Nikitangulia mimi," alisema, "kaka zangu watakuacha mpaka arobaini ipite. Baada ya hapo watakuuliza unangoja nini."

"Ezekiel hawezi kuniuliza hivyo." Ezekiel alikuwa kaka mkubwa wa Eufrazia na mkuu wa ukoo.

"Ezekiel ndiye atakayetumwa, maana ndiye anayejua kusema vizuri. Panda mikarafuu. Upande kwa mikono yako, na watu wakuone."

Bartholomeo akang'oa migomba yote ya mteremko wa juu, akabaki anasubiri miche.

Ilikuwa miaka ile baada ya mifuko ya plastiki ya sokoni kupigwa marufuku. Viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, havikuguswa na marufuku hiyo, na vilikuwa vimejaa kila mahali. Ukipanda mche kwenye mteremko na kuchana kiriba, udongo unamwagika wote na mche unashtuka. Kiriba chenyewe unakitupa, na mvua ikinyesha kinashuka mtoni. Ndipo akaja Pendo, mwalimu wa chuo kutoka Morogoro mjini, mwanamke kijana mwenye viatu vya mvua na sauti ya chini. Aliwakusanya wakulima uwanjani kwenye shule ya msingi. Bartholomeo alisimama nyuma kabisa, karibu na choo, mahali anaposimama siku zote.

"Plastiki hii ni ileile mnayoijua," Pendo alisema akiinua kiriba cha rangi ya kijivu. "Sisi tumeipaka dawa. Dawa hii ina vijidudu vidogo vimelala. Ikipata udongo na unyevu, vinaamka na kuanza kuila plastiki polepole mpaka inaisha. Kwa hiyo msichane. Mfukie mche na kiriba chake."

"Havitakula na karafuu, mwalimu?" mtu mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Karafuu havina haja nayo."

Bartholomeo alipewa viriba vya kutosha shamba lake lote, akavibeba nyumbani kichwani. Kuhusu vijidudu, nusu ya maneno ilikuwa imechukuliwa na upepo. Alichoshika ni kwamba vimepakwa dawa, na kwamba visichanwe.

Eufrazia alikifungua kifurushi, akarudisha uso nyuma. Viriba vilikuwa vikavu, lakini ukivipitisha kidole vilikuwa na ukungu kama ngozi ya embe lililolala sana, na vilitoa harufu ya uyoga wa zamani.

"Humu ndimo tutie mbegu?" alisema. "Kinyausi kitaimaliza miche kabla haijatoa jani la pili."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kinyausi ni ugonjwa wa miche michanga. Unaukuta mche jana umesimama, leo umelala, shingo imekuwa nyeusi. Ndiyo maana viriba ambavyo miche yake ilikufa waliviosha siku zote kabla ya kujaza udongo mpya.

"Tutaviosha," Bartholomeo alisema.

"Si vina dawa?"

"Chandarua nacho kina dawa. Na zahanati walitufundisha wenyewe, tufue kwa sabuni ya kipande, tusisugue, tuanike kivulini. Dawa haitoki."

"Ungemuuliza mwalimu kwanza."

"Ameshashuka mjini. Tena nitamwambia nini, kwamba viriba vyake vinanuka?"

Wakaenda kijitoni. Bartholomeo aliviosha kimoja kimoja, kwa upole kama anayemuogesha mtoto, hakusugua hata kimoja. Maji yakawa ya kijivu, yakashuka hivyo mpaka kwenye mawe ya chini. Bartholomeo akasema ni uchafu wa kiwandani. Akavianika chini ya mfenesi, na vilipokauka vilikuwa vyeusi, laini, vinang'aa. Alijisikia vizuri kuvitazama.

Kiriba kimoja hakikuoshwa. Eufrazia alikuwa amekichukua mwanzoni kufungia mbegu za maboga akakisahau juu ya dari ya jiko. Alipokikumbuka, viriba vingine vilikuwa vimejazwa vyote. Akakijaza udongo vilevile, akatia mbegu ya karafuu, na miche ilipokuwa tayari kwenda shambani, ule mmoja akaupanda mwenyewe uani, nyuma ya jiko. Bartholomeo alimcheka, akamwambia karafuu haipendi moshi. Eufrazia akaukandamiza udongo kwa kisigino.

"Huu wangu," alisema. "Wewe una mlima mzima."

Miaka miwili ya kwanza mlima mzima ulikuwa wa kijani. Watu walipita wakaona, kama Eufrazia alivyotaka waone. Kisha yeye mwenyewe akaanza kuvimba miguu. Walimteremsha kwa machela mpaka barabarani, akafikishwa hospitali mjini, akarudishwa kwa machela ileile amefunikwa uso. Alizikwa juu ya kijito, kwenye makaburi ya ukoo wake.

Arobaini ilipopita Ezekiel alikuja, akakaa kwenye kigoda, akakubali maji ya kunywa.

"Shemeji," alisema, "kuna maneno kwenye ukoo. Wengine wanasema shamba lirudi. Mimi nimewaambia, mtu ana miti. Ikizaa, ile karafuu ni yako. Wewe kaa."

"Asante, shemeji."

"Usinishukuru mimi. Ishukuru miti yako."

Kiangazi hichohicho majani yalianza kugeuka. Mwanzoni yalikuwa ya njano kwenye ncha, kama chai iliyozidi maziwa. Bartholomeo akasema ni jua. Akabeba maji kutoka kijitoni kwa ndoo, akarudi, akabeba tena. Miti ikakauka kutoka juu kushuka chini, na mmoja uliopigwa na upepo wa alasiri ukaegama. Aliushika ili aunyooshe, nao ukang'oka, bila kuvutwa, kama kigingi cha mbuzi kilicholegea.

Chini yake kulikuwa na kiriba. Kilikuwa cheusi, kizima, kinang'aa kama siku alipokianua chini ya mfenesi. Ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha na kujizungusha kama tambi kwenye sufuria, ikatafuta mahali pa kutokea isipate, mpaka ikajinyonga yenyewe.

Alikiacha kiriba palepale. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akamwomba ampigie simu yule mwalimu.

Pendo alikuja siku ya tatu, amelowa jasho hadi mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akapiga magoti, akakigeuza kiriba, akakikwaruza kwa ukucha. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, hiki kimepakwa kweli? Si cha kununua dukani?"

"Ni vyako. Niliviosha tu."

"Uliviosha?"

"Kwa uangalifu. Sabuni ya kipande. Sikusugua."

Alimweleza habari ya chandarua. Pendo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaacha magoti, akakaa kabisa kwenye udongo.

"Dawa ya chandarua imo ndani ya uzi," alisema. "Hii yetu ilikuwa juu tu, tumeipaka. Ukiiondoa, kinabaki kiriba cha plastiki, na hicho udongo hauwezi kukila, hata wajukuu wa wajukuu watakikuta." Akakiweka kiriba chini. "Na mimi sikuwaambia msioshe. Sikuwaza kwamba kuna mtu ataosha kiriba kipya."

"Kilinuka," Bartholomeo alisema.

"Najua. Hata ofisini wananilalamikia."

Bartholomeo akamwambia habari ya ule mmoja wa uani, ambao kiriba chake hakikuoshwa. Wakashuka. Mkarafuu wa Eufrazia ulikuwa umempita mtu kwa urefu, majani mazito, mekundu kwenye vichipukizi. Pendo alichimba pembeni kwa mikono, taratibu, mpaka akafika kwenye mizizi. Kiriba hakikuwepo. Palikuwa na vipande vya kijivu vilivyolegea kama karatasi iliyolowa, na mizizi imevipita kwenda zake. Pendo akavishika mkononi, akatabasamu. Ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu aliyeingojea kazi yake miaka. Kisha akakumbuka amesimama na nani, akatazama chini, akafukia shimo.

"Ile ya juu," Bartholomeo akauliza, "nikivichana viriba vyake sasa?"

"Jaribu, mzee. Lakini ukichana kiriba utakata na mizizi. Siwezi kukuahidi."

Alijaribu. Alichimba mti kwa mti, akiingiza kisu chini ya ardhi, akipapasa plastiki kwa vidole, akichana. Alilala na udongo kwenye kucha. Mvua za vuli zikaja, akazishukuru. Mti mmoja ukatoa jani jipya, akawa anaupitia kila asubuhi kabla ya chai. Lile jani nalo likaanguka. Masika yalipoisha, mteremko wa juu ulikuwa kuni zilizosimama.

Ezekiel alikuja na wazee wawili wa ukoo. Wakazunguka shamba polepole. Mmoja wao, Stephano, akavunja tawi, likalia kama kijiti cha kiberiti.

"Mkaguru," alisema, "umetupandia kuni. Ungetuambia mapema tungeleta vyungu."

"Stephano," Ezekiel alimwonya.

"Nasema ninachokiona."

Bartholomeo aliliokota lile tawi. Wakashuka uani, na pale Ezekiel akasimama mbele ya mkarafuu wa nyuma ya jiko. Ulikuwa umetoa vitumba vyake vya kwanza. Akavinusa. Mwaka ulipopandwa yeye alikuwa Dar es Salaam akiuguza mguu, na hao wengine wanakaa ng'ambo ya bonde.

"Na huu?" aliuliza. "Huu umesimama. Huu nani kaupanda?"

Hakumtazama Bartholomeo alipouliza. Alitazama majani, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni. Bartholomeo aliielewa nafasi hiyo. Mti mmoja ulitosha. Hakuna aliyesema lazima iwe mingi. Kwa mti ule mmoja angezeeka kwenye nyumba hii, na angekuwa anapanda kwenda kaburini jioni bila kuomba ruhusa ya mtu. Neno lilikuwa fupi tu, na mwenye kulikana alikuwa amelala juu ya kijito.

"Dada yako," alisema.

"Fikiri vizuri, shemeji. Mume na mke wanapanda pamoja."

"Ile ya juu tulipanda pamoja. Huu kaupanda yeye peke yake. Mimi nilisimama hapo ulipo, namcheka."

Stephano aliangalia pembeni. Ezekiel akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepewa mzigo mzito kuliko aliokuja kuufuata.

"Basi," alisema mwishowe. "Mahindi yako yaliyoko bondeni, vuna kwanza. Hakuna anayekuharakisha." Walipokuwa wanaondoka akageuka. "Na yale maplastiki, shemeji, uyatoe. Dada yetu hakuwa mchafu. Tusije tukamwachia takataka kwenye ardhi yake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Bartholomeo ya mwisho kule Kinole. Aling'oa kila mti mkavu na kuchomoa kila kiriba, na kilichokatika alikirudia kwa vidole mpaka akapata kipande cha mwisho. Alivijaza kwenye gunia. Pendo alikuwa ameviomba, apeleke chuoni vikapimwe, akasema vije kama vilivyo.

Siku ya kushuka alipita kaburini, akang'oa majani mawili matatu, akaendelea. Kijitoni, palepale kwenye mawe, akatua gunia. Viriba vilikuwa na matope, na mikono yake ilikuwa imezoea kuosha. Alikunywa maji, akanawa miguu na uso. Kisha akajitwika gunia na matope yake, yakamchuruzika shingoni njia yote mpaka barabarani.