Kushikwa Mkono Sokoni

Jumamosi mimi na mke wangu tulikuwa kwenye malundo ya viatu, maana tangu mitumba iruhusiwe nusu ya soko letu la Morogoro ni viatu. Mama mmoja wa Mkuyuni alikuwa anajaribu raba huku akiyumba, mumewe kamshika mkono. Muuzaji akacheka. "Mama, asubuhi yote hii umeshaonja?"

Mzee hakukasirika. "Hanywi. Daktari anasema mwili wenyewe unakula ganda la mishipa ya fahamu, kama waya unaochubuka. Miguu inaambiwa isimame, habari haifiki sawasawa."

Muuzaji akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Usijali." Kisha akashusha sauti, lakini sote tulimsikia. "Tangu anioe, tukija sokoni huyu hutangulia mbele kama hanijui. Leo kanishika tangu stendi."

Mzee akatazama pembeni kwa haya. Mkono hakuuachia.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa mbele, mke wangu nyuma, kama kawaida. Nikapunguza mwendo, nikamshika mkono.

Akanitazama kwa wasiwasi. "Baba Neema, unaumwa?"