Vidole Vitano, Simu Moja

Evarista Kihwele ana tabia moja inayowachosha wenzake: kazi ikishasifiwa, ndipo yeye anapoanza kuitilia shaka. Kwao ni Iringa, kwa wakulima wa mahindi. Alisomea kompyuta, na mwaka wa sita sasa amepanga chumba na sebule Soweto, Mbeya, anakoandika programu za simu.

Mwaka jana alitengeneza programu ya kituo kimoja cha afya. Wagonjwa wanaotumia dawa za VVU wangeona humo tarehe za kuchukua dawa na majibu ya vipimo vyao. Mlango wa kitu kama hicho haufungwi kwa kamba. Neno la siri la mgonjwa hakulihifadhi kwenye simu hata kidogo. Kituo kikishalikubali, simu hupewa kibali cha muda, nacho hufichwa mahali ambapo programu nyingine hazifiki. Hufunguliwa kwa alama ya kidole cha mwenye simu. Ndivyo alivyofundishwa, na wakaguzi walimpongeza. Uzinduzi ukapangwa Jumatatu, kituoni hapo.

Ijumaa alikwenda Mbalizi, nje kidogo ya jiji, kwa Tumpe, fundi cherehani aliyekuwa akiijaribu. Tumpe alikuwa amemweleza tangu mwanzo: mumewe anajua hali yake, mama mkwe hajui, na wanaishi nyumba moja.

Hata chai haijamiminwa, mama mkwe akaingia, Bibi Bertha, mzee wa kanisa, miwani puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumpe, lete simu nimpigie mwanangu Asukile, maana yeye kupiga hajui, anajua kupokea tu."

Akaweka kidole gumba. Simu ikafunguka.

Evarista akasogea karibu. "Mama, na kidole chako kimo?"

"Kisiwemo kwa nini? Changu kimo, cha Tumpe, cha baba watoto, na cha haka kajukuu kangu kanakopenda katuni. Na cha wifi yake Tumpe. Simu ya nyumba hii, bwana!"

Tumpe aliinamia cherehani.

Bibi alipomaliza kuongea akaenda zake shambani, wakamwita mtoto, binti wa miaka minne asiyejua kusoma. Akabonyeza kidole chake kidogo. Programu ikafunguka, maana hukubali kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu, na tarehe ya dawa ikatokea, herufi kubwa nyeusi.

"Dada Eva," Tumpe alisema polepole, "mama anasoma Biblia nzima kwa mwaka."

Evarista alimpigia Ezron, mkuu wa mradi, akiwa amesimama uani.

"Haiendi Jumatatu."

"Dada, unanitania. Wageni wamealikwa. Keki imeshaagizwa!"

"Keki ileni. Nimeweka kufuli ambalo ukoo mzima una funguo zake. Wagonjwa mia tatu, Ezron. Wangapi wana simu isiyoguswa na mtu mwingine?"

"Niwaambie kosa ni la nani?"

"Langu. Andika jina langu."

Angeweza kusema kosa ni la vitabu alivyosomea, vilivyoandikwa na watu ambao kila mmoja ana simu yake, na asingekuwa amedanganya. Hakusema. Alipita nyumba kwa nyumba, Mbalizi na Soweto, akiuliza swali moja: simu hii hushikwa na nani? Kisha akakaa chini akaandika upya. Sasa kibali kinafunguliwa kwa namba sita anazozijua mgonjwa peke yake, na kidole hakifui dafu. Ukiiacha programu hata kidogo, inajifunga. Ukikosea mara tano, kibali kinafutwa, na mtu anaanza upya kwa neno lake la siri. Na jina la programu lenyewe halitaji ugonjwa.

Siku kumi na mbili baadaye alirudi kwa Tumpe. Safari hii Bibi Bertha alikuwa na simu mkononi, akitafuta picha za harusi. Kidole kikateleza, kikagusa programu.

"Hii nayo inadai namba. Ya nani?"

"Yangu, mama," Tumpe alijibu. "Mambo yangu."

Bibi alimtazama juu ya miwani. Akajaribu namba moja, ikamkatalia. Akajaribu nyingine.

"Kaidi kweli," akasema, akairudia picha ya bibi harusi. "Haya, niambieni, gauni hili nani alilishona vibaya hivi?"

Tumpe akacheka mpaka akafuta machozi, akavuta kiti karibu na mama mkwe wake ili waitazame pamoja.