Cheti cha Saa Moja Asubuhi

Pale Itigi walimwita Komeo, na jina lilimkaa. Peniel Obadia alikuwa mtu wa kufunga. Chumba chake kilikuwa na kufuli mbili, baiskeli yake mnyororo, na hata dumu la asali la mama yake, Dorkas, aliyeuza asali stesheni miaka yote treni zilipopita, alilifunga kamba kwa fundo ambalo mama mwenyewe alilifungua kwa meno huku akimtukana. Watu walicheka. Lakini walipotaka kitu kitunzwe, walimpelekea Komeo.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa kompyuta kwenye hospitali ndogo ya Mtakuja, nje kidogo ya mji. Kule ndani, upande wa Rungwa, kuna zahanati ambako simu hazishiki kabisa. Peniel na wenzake walisimamisha nguzo za redio kupita pori lote, wakaweka kompyuta ndogo zahanati na nyingine hospitalini, nesi akawa anaandika ujumbe kule na unasomwa huku. Akihitaji gari la wagonjwa, anaandika. Ilikuwa furaha, kweli kweli.

Ila ujumbe ulikuwa unapita wazi, na mjuaji mmoja wa sokoni akajua kuudaka. Majibu ya damu ya Witness, binti aliyekuwa anakaanga samaki karibu na reli, yalijulikana genge zima kabla mwenyewe hajaitwa. Mume akamfukuza. Witness akapanda treni na mpaka leo hajulikani alipo. Peniel alikuwa anasalimiana naye kila asubuhi. Alilia, nasema alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Akaapa. Akatafuta kwenye intaneti mpaka akapata zile wanazoziita maktaba za programu huria: vipande vya programu ambavyo watu wa mbali wameandika, wakaviweka hadharani bure, yeyote avichukue, avisome, avirekebishe. Alichagua moja ya kufunga mawasiliano. Ukiitumia, ujumbe unakwenda umefumbwa, na kila kompyuta inadai cheti cha mwenzake, kama kitambulisho, kabla haijatoa neno. Cheti kina siku na saa ya kuanza na ya kuisha. Kabla ya hapo au baada ya hapo, hakuna kuongea.

Programu za namna hiyo nyingi huwa na kitufe cha kuendelea hivyo hivyo, cheti kiwe kizuri au kibaya. Peniel alikiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Tena, kwa mapenzi tu, akatafsiri kila kitu kwa Kiswahili ili manesi wasihangaike, mpaka lile swali ambalo kompyuta ya zahanati huuliza kila ikizimika na kuwaka upya: Leo tarehe ngapi? Sasa saa ngapi? Aliona fahari isiyo na kifani. Hata hao watu wa mbali alikuwa amewatumia tafsiri yake, wakamshukuru.

Sasa sikiliza siku yenyewe.

Mdogo wake wa pekee, Martina, aliolewa kule kwa warina asali, na mimba ilikuwa imetimia. Jana yake jioni, nesi Aneth aliandika: "Martina amefika, uchungu umeanza. Ikiwa mbaya nitaomba gari mapema." Peniel akajibu kwamba yupo, hatoki kitini. Hapo ndipo akakumbuka: cheti cha hospitali kinaisha kesho saa moja asubuhi. Mwezi mzima alikuwa anasema kesho, kesho. Asubuhi ilipogonga saa moja akatengeneza kipya, akakiweka, akavuta pumzi. Amewahi.

Saa mbili na dakika chache kompyuta yake ikaandika: zahanati imebisha hodi, imekataa cheti, imeondoka. Baada ya dakika tano, tena. Na tena.

Ujumbe haukuwemo, ni kubisha tu. Lakini Aneth si mtu wa kuchezea mashine asubuhi. Peniel akakikagua cheti herufi kwa herufi: kizima. Akawasha upya, wapi! Akafungua ile maktaba yenyewe, maana iko wazi, akasoma mistari iliyoandikwa na watu asiowajua, akitafuta kosa lao. Hakuliona.

Akakimbilia kwa daktari wa zamu.

"Shikamoo, daktari. Naomba gari liende zahanati."

"Marahaba. Wameandika nini?" Daktari Winfrida aliuliza.

"Hawajaandika. Wanabisha tu, inakataa. Martina yuko kule, daktari. Mdogo wangu."

Winfrida alikuwa na huruma, nisimsingizie. Lakini gari lilikuwa moja, na safari ni saa tatu kwenda. "Nitume damu ya kundi gani? Na nikilituma, halafu likaitwa Kilimatinde na kuna mtu anakufa? Nipe neno moja, Peniel. Neno moja tu la Aneth."

Neno moja! Ndilo hilo lililokuwa limesimama mlangoni likibisha, na mlango kautengeneza yeye.

Akarudi kitini. Saa tatu, saa nne. Alipiga meza, akasali, akajitukana. Mara kumi alifikiria kuondoa ufumbaji wote, lakini kompyuta ya zahanati isingekubali. Alikuwa ameiagiza isikubali kamwe, na kubadilisha agizo hilo ilikuwa lazima afike huko mwenyewe.

Dereva, mzee Naftali, akachungulia dirishani. "Kijana, hujanywa hata chai, na hii ni saa tano."

"Shikamoo, mzee," Peniel akasema bila kugeuka, macho kwenye kioo. Pembeni ya kioo kompyuta ilikuwa imeandika 11:02.

Akaganda. Saa tano, na mashine inasema kumi na moja. Mashine zote ndivyo zinavyohesabu, tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze. Taa ya kuzalishia usiku kucha lazima imemaliza betri ya zahanati. Asubuhi jua limepiga paneli, kompyuta imewaka haijui siku wala saa, imemuuliza Aneth kwa Kiswahili safi cha Peniel: Sasa saa ngapi? Na Aneth, kama ambavyo angejibu mama yake Peniel, au Peniel mwenyewe, ameandika mbili. Kule mashine inaamini bado ni alfajiri. Cheti cha saa moja asubuhi kwake hakijazaliwa. Labda betri ilishaisha mara kumi kabla, lakini cheti cha mwaka mzima hakikujali saa sita za nyuma. Leo tu, leo tu jamani!

Akafukua kile cha zamani, kilichokufa asubuhi. Kwa saa ya kule kilikuwa bado hai. Akakirudisha. Kompyuta ikafunguka palepale, na maneno ya Aneth yakamwagika yote kwa pamoja.

"Mtoto ametoka, wa kike, mzima. Martina anatoka damu nyingi. Tuma gari na damu, kundi O."

"Inasema mtandao hauaminiki. Peniel, nifanyeje?"

"Dawa ya kuzuia damu imeisha. Mnanisikia?"

"Martina anauliza kama kaka amejibu."

Peniel alipiga kelele, na Winfrida hakuuliza la pili. Sanduku la barafu likapakiwa, Naftali akang'oa gari vumbi likatanda mpaka relini. Winfrida akakaa karibu na Peniel, akamwelekeza Aneth hatua kwa hatua: kanda tumbo, inua miguu, bana hapo kwa ngumi. Peniel akawa anaandika, vidole vinakosea. Mwishoni akaongeza lake: "Mwambie kaka yake amejibu. Mwambie gari linakuja."

"Nimemwambia," Aneth akaandika. "Amefumba macho, lakini ametabasamu."

Peniel akabaki macho kwenye kioo. Winfrida alimshika bega.

Saa saba kamili mchana, saa ambayo kule mashine ilikuwa inaanza kusoma saba na cheti cha zamani kinakufa tena, ukaja ujumbe mmoja.

"Ametutoka. Mtoto tumemfunga kwenye kitenge cha mama yake. Peniel, mwambieni dereva asikimbize tena gari."

Peniel akachukua simu ampigie Naftali, halafu akaiweka chini. Naftali alikuwa ndani ya pori, ambako simu hazishiki, na alikuwa bado anakimbiza.