Uji wa Mama Mkwe Kabla ya Upasuaji

Mama mkwe wangu alitoka Mazingara na kanga mbili, chupa ya chai na kuku aliyefungwa miguu. Kuku alibaki kwangu Manundu. Chupa alikuja nayo mpaka wodini, na humo ndimo balaa letu lilimokuwa.

Mimba ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilipasuliwa kwa dharura, nikapigwa nusu kaputi, sikumbuki kitu. Safari hii nilipangiwa siku, na nesi alinisisitizia: baada ya chakula cha jioni, usitie kitu tumboni mpaka utoke chumba cha upasuaji. Mimi na njaa hatupatani, mume wangu ni shahidi, lakini nikaitikia.

Asubuhi mama mkwe akaingia, akanimiminia uji wa mtama wenye pilipili manga. Kwao mwanamke haendi kujifungua tumbo tupu. Nikamwambia nimekatazwa. Akanitazama, akasema polepole, "Mwanangu aliingia na njaa. Hakuamka."

Nilijua kwamba binti yake alifariki kwenye upasuaji, zamani, kabla sijaolewa. Sikujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiilaumu njaa. Ningefanyaje? Nikanywa kikombe kizima, na kusema kweli kilikuwa kitamu.

Haikupita saa akaja mtaalamu wa usingizi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Akaniuliza kama nina jino linalolegea, kama nina pumu, natumia dawa gani, na ile nusu kaputi ya kwanza iliniachaje. Kisha akauliza, "Leo umekula au kunywa chochote?"

"Hapana," nikasema. Uongo mkavu. Sikutaka mama mkwe wangu asemwe mbele ya wodi nzima.

Hakuondoka. Nadhani alisikia harufu ya pilipili manga. Akanieleza kwamba atanichoma sindano ya ganzi mgongoni, nitakuwa macho, ni huku chini tu ndiko kutakakokufa ganzi. "Lakini ganzi ikigoma, itabidi nikulaze kabisa. Mtu akilazwa hivyo, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na hapo tunaweza kukupoteza. Ndiyo maana nauliza. Sikutafutii kosa."

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. "Uji nimempa mimi," akasema, ameishika chupa kwa mikono miwili. "Mkwe wangu hana kosa."

Mimi na mama yule tumegombana sana, kuanzia chumvi ya mboga mpaka namna ya kukunja kanga. Siku ile nilimpenda mpaka nikaona aibu.

Hakugombezwa. Mtaalamu alimwambia, "Ahsante mama, umenisaidia." Wakampima mtoto, wakaona hakuna haraka, nikasogezwa hadi kesho yake. Mama akamshika mkono yule mtaalamu. "Kwa hiyo siyo njaa iliyomuua mwanangu?"

"Sikuwepo, mama, siwezi kukuambia kilichomuua. Ila njaa ya usiku mmoja haiui."

Mama akakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Kesho yake waliniketisha ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, nikakumbatia mto na kuinamisha mgongo. Dawa ya kusafishia ilikuwa baridi kuliko maji ya Lushoto. Sindano ikachoma kama mwiba, kisha vuguvugu likashuka miguuni. Nikajaribu kuinua kidole gumba, wapi. Walipoanza kazi nilihisi navutwavutwa, pasipo maumivu. Kichefuchefu kikanipanda. Yule mtaalamu alikuwa kichwani pangu, hakutoka hata mara moja. Akaongeza dawa kwenye dripu, kikatulia. Nikaanza kutetemeka meno. "Hiyo ni kawaida," akasema, "inapita." Nilikuwa naogopa sana, na sauti yake ndiyo niliyoishikilia. Kisha mtoto akalia, nami nikalia.

Nilipotolewa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Tangu jana mchana naye hakutia kitu mdomoni. Nesi akamnyooshea mtoto. Mama hakumpokea, wala hakuuliza ni wa kike au wa kiume.

"Mkwe wangu ameamka?"

"Mama," nikamwambia, "sikulala."